Mgeni wa Namba Kumi na Tisa

Siku ya ishirini na mbili, nyumba namba kumi na tisa bado ilikuwa na mtu mmoja. Kioo cha mkononi cha Faidesi Sanga kilisema hivyo kila asubuhi: mtu mmoja, amelala, anapumua mara kumi na nne kwa dakika, joto la chumba digrii ishirini na mbili. Faidesi alisoma, akapitisha kidole, akaenda nyumba inayofuata.

Ilikuwa Juni. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi hadi zikawa nyeupe, zikivunjikavunjika chini ya buti. Nyumba za wageni zilikuwa thelathini na mbili, zimepangwa safu mbili juu ya mwinuko, kila moja na ukuta mzima wa kioo unaotazama bondeni. Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam ilipokuwa haikaliki kwa joto, zilijaa hadi watu wakalala kwenye magari wakisubiri zamu. Juni na Julai hakuna aliyekuja. Nani apande huku kufuata baridi inayounguza viazi shambani?

Kazi ya Faidesi ilikuwa kuhakikisha kwamba kweli hakuna aliyekuja.

Kuhesabu, mashine ilijua. Kila chumba kilikuwa na kidhibiti cha ukutani, kidogo kama kisosi, kilichopima hewa inayotoka mapafuni mwa watu, joto la miili yao, na mtikisiko wa vifua vyao unaofika ukutani hata kama mwenyewe haujui. Kikikaa saa tatu bila pumzi, kilishusha joto hadi digrii kumi na tano, kikasubiri. Chini ya hapo hakikuruhusiwa kwenda peke yake. Mwaka wa kwanza kiliruhusiwa, na mzee mmoja wa Morogoro aliyejifunika mablanketi manne akahesabiwa kuwa hayupo. Walimkuta asubuhi yu hai, lakini hawezi kutamka jina lake. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba lazima mtu aingie, aangalie kwa macho yake, abonyeze neno TUPU. Hapo ndipo nyumba iliposhuka hadi saba, kiasi cha kuzuia mabomba yasipasuke, na maji ya moto yaliyokuwa yanazunguka kwenye kuta zake yakageuzwa njia kuteremka kijijini.

Maji hayo yalitoka ardhini. Kampuni ya Nyumba za Mwinuko ndiyo iliyochimba kisima, kijiji cha Ikumbila ndicho kilichotoa ardhi, na katika mkataba wao kulikuwa na sentensi moja ambayo hata watoto wa shule waliikariri, kwa sababu ilikuwa imechorwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba ya pampu: JOTO LINAFUATA PUMZI. Nyumba moja ya wageni ikiwa tupu, nyumba tano za kijijini zilipata joto.

Saa tano na nusu, Faidesi akiwa namba ishirini na nne, Zebedayo alipiga simu. Zebedayo alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, na ndiye aliyesimamia vali pale pampuni.

"Shemeji, umefika wapi?"

"Ishirini na nne. Zote tupu ila zile tatu, kama jana."

"Zahanati imeshuka hadi digrii kumi na nne." Alizungumza polepole, kama mtu anayesoma. "Kisima hakina nguvu mwaka huu, na zahanati iko mwisho kabisa wa bomba. Sekela amejifungua alfajiri. Miezi saba tu. Ametoka damu nyingi, mwili wake wenyewe ni wa baridi, hawezi kumpasha mtoto. Bibi ndiye amembeba kifuani."

"Gari la wagonjwa?"

"Limetelezea mtaroni kule kwenye kona. Wanasema labda jioni. Mimi nimefungua kila vali ninayoweza kufungua. Zimebaki tatu tu zenye watu. Wale wazee wa Dodoma wawili wawili, na yule wa kumi na tisa. Yule wa kumi na tisa umewahi kumwona?"

Faidesi aliangalia mlango wa kumi na tisa kwa mbali. Barafu ya kizingitini ilikuwa nzima, haijakanyagwa.

"Hapana," alisema.

"Siku ngapi hizo?"

"Ishirini na mbili."

Zebedayo hakusema alichokuwa anafikiri, na Faidesi hakumwuliza. Alikuwa ameona mapema kwamba mgeni yule hatoi takataka, hafungui mapazia, haagizi hata maziwa. Aliona, kisha akapitisha kidole. Tangu mume wake Lameki afariki, mambo mengi yalipita machoni mwake namna hiyo, bila kugusa chochote ndani.

"Ngoja nikamgongee," alisema.

*

Aligonga mara tatu, akaita, akagonga tena. Kanuni ilisema mlango wa nyumba yenye mtu haufunguliwi ila kama maisha ya mtu yako hatarini. Mtu anayelala siku ishirini na mbili ni mgonjwa au ni maiti, na maiti haipumui mara kumi na nne kwa dakika. Akaweka kiganja kwenye kitasa, kikamtambua, mlango ukafunguka.

Joto lilimpiga usoni. Alikuwa amesahau nyumba yenye digrii ishirini na mbili inavyokuwa. Masikio yake yalianza kuwasha, na miwani ikajaa ukungu hata ikabidi aivue.

"Hodi," alisema. "Samahani. Ni mthibitishaji."

Jikoni hapakuwa na kitu. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limevutwa hadi kwenye mito. Juu ya mto wa kushoto kulikuwa na sanduku la kijivu, ukubwa wa redio ya zamani, na ubavuni mwake mtungi mdogo wa gesi. Sanduku lilikuwa linapumua. Upande wake mmoja ulikuwa wa mpira mwembamba ulioinuka na kushuka, na kila uliposhuka, hewa ya uvuguvugu ilitoka kwenye tundu dogo ikampata Faidesi mkononi. Pumzi yenyewe haikuwa laini. Ilikwama kidogo mwishoni, kama ya mtu mwenye kifua kibaya, kisha ikaendelea.

Faidesi alikaa kwenye kiti kilichokuwa kando ya kitanda. Hakushtuka. Aliwaza tu kwamba kazi imekuwa rahisi: avute waya, abonyeze TUPU, ateremke. Maji huchukua dakika arobaini kufika zahanati. Ilikuwa saa sita kamili mchana.

Kwenye sanduku kulikuwa kumebandikwa karatasi yenye namba ya simu na maneno mawili, yameandikwa kwa kalamu: *Tafadhali, kwanza.* Akapiga.

"Umeingia," ilisema sauti ya mwanamke kabla hajajitambulisha. "Nimesikia mlango."

"Shikamoo, mama. Mimi naitwa Faidesi, ni mthibitishaji wa hizi nyumba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Generosa Kamugisha. Nyumba imepangwa kwa jina la mwanangu, Novati." Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, lakini sasa ameichosha. "Usikizime bado. Naomba nikueleze, halafu utaamua."

"Nakusikiliza, mama."

"Mwaka jana alikaa humo. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mapafu yake hayakuweza tena joto la Dar, daktari akasema apande milimani. Mimi nilikuwa Bukoba, kaka yangu amefariki, nikasema nikimaliza msiba nitamfuata. Alikaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja, saa kumi jioni, gari la wagonjwa likamfuata. Akatoka kitandani mwenyewe, akatembea hadi mlangoni mwenyewe. Hawakufika Mbeya."

Sanduku lilivuta pumzi, likakwama, likaachia.

"Pole sana, mama," alisema Faidesi. Alijua neno lenyewe lilivyo jepesi. Yeye aliambiwa hilo mara mia.

"Baadaye niliambiwa zile nyumba zinahesabu pumzi za watu. Nikaiomba kampuni kumbukumbu zake. Walinitumia siku hiyohiyo, wala hawakuuliza. Siku zote kumi na moja, usiku na mchana. Fundi mmoja akanitengenezea hicho chombo cha kuzirudia pumzi zake. Nikapanda mwenyewe, nikakiweka, nikateremka. Nyumba ikamtambua. Ikamwandikia: karibu tena, Novati. Mimi namsikiliza kwa simu. Sifanyi zaidi ya hapo. Nasikiliza."

"Mama, nyumba isiyo na mtu haitakiwi kupashwa. Joto hilo ni la watu wa chini."

"Najua. Nilisoma mkataba. Nilijidanganya kwamba wageni ni wengi, nyumba moja haitaonekana." Sasa sauti ilishuka. "Sikuombi uiache. Nakuomba muda wa saa nne tu. Leo ni siku ya kumi na moja. Saa kumi anaondoka. Mzunguko wa kwanza, saa hiyo ilipofika, nilikuwa nimekaa hapa na simu sikioni, nikapitiwa na usingizi. Nilipozinduka chombo kilikuwa kimerudi siku ya kwanza. Sikuwepo alipoondoka kweli, na hata hiyo ya pili sikuwepo. Mwache atoke mwenyewe. Usimkate katikati. Baada ya hapo kizime, kitupe, fanya unavyotaka."

Faidesi aliangalia mpira mwembamba ukipanda na kushuka.

Siku aliyozikwa Lameki, waombolezaji wakiwa bado uani, kidhibiti cha nyumbani kwake kiliwaka taa ya njano. Kiliuliza: *Wakazi wawili au mmoja?* Ilikuwa Julai, na mstari wao wa bomba ulikuwa na nyumba ya watoto yatima. Faidesi alikuwa mthibitishaji. Aliwapita watu waliokuwa wamesimama mlangoni, akabonyeza *mmoja*, akarudi kuketi. Usiku huo chumba chao kikapoa. Watu walimsifu. Yeye alihamishia godoro jikoni, na tangu siku hiyo hakuwahi kulia, wala hakujua kilio chake kilikwenda wapi.

"Zahanati ya huku chini ina baridi leo, mama," alisema.

"Baridi sana?"

Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa pale pale: kuna kichanga cha miezi saba. Alijua kwamba akiyasema, mwanamke yule atasema *zima*, naye atavuta waya, na mtu mwingine tena atakuwa amebonyeza kitufe siku asiyostahili kubonyeza. Akayaacha.

"Baridi ya kawaida," alisema.

"Basi niachie hadi saa kumi."

"Nitakaa naye," alisema Faidesi.

*

Alivua koti, kisha sweta. Mchana ule ulikuwa mrefu. Simu aliiweka wazi juu ya shuka, kati yake na sanduku, ili mama asikie vizuri, na mara mojamoja alimsikia yule mwanamke akihema mbali huko. Jua lilipita kwenye kioo kikubwa, likatambaa sakafuni.

Saa saba na robo Zebedayo alipiga kwa kioo cha mkononi.

"Kumi na tisa vipi?"

"Bado nakagua."

"Yupo?"

Faidesi alifunika simu nyingine kwa kiganja. "Kuna pumzi," alisema. Haukuwa uongo, na yeye mwenyewe alisikia jinsi usivyokuwa ukweli.

"Zahanati kumi na tatu. Wamejaza chupa za maji ya moto, wanazizungushia mtoto. Shemeji, kama huyo mtu anaweza kuhamia kwa wale wazee wa Dodoma hata kwa leo tu, mwombe."

"Nitaona."

Saa nane na nusu alipiga tena, na Faidesi hakupokea. Alikuwa amepata joto mwilini hadi miguuni, na usingizi ulikuwa unamvuta. Aliwaza kuhusu zahanati kama mtu anavyowaza kuhusu mji aliousikia kwenye taarifa ya habari. Aliujua ukuta wake, dirisha lake lililopasuka kona, kitanda cha Sekela. Alijaribu kuogopa. Hofu haikuja. Akajiambia ni saa moja na nusu tu iliyobaki, na watoto wa miezi saba siku hizi wanaishi, na bibi ana kifua kipana.

Kwenye saa tisa pumzi za sanduku zilibadilika. Zilikuwa mara ishirini kwa dakika, kisha ishirini na sita. Zikakatika, zikarudi kwa kikohozi kisicho na sauti, mpira ukirukaruka. Simu ikatoa sauti ya kiti kilichosogezwa.

"Ameanza," alisema Generosa.

"Ndiyo."

"Mshike."

Faidesi hakujua ashike nini. Aliweka mkono juu ya sanduku. Lilikuwa na uvuguvugu, likimtetemekea kiganjani. Walikaa hivyo karibu saa nzima, wanawake wawili na pumzi za mtu mmoja. Dakika tatu kabla ya saa kumi zikatulia kidogo, zikawa ndefu, kama za mtu anayejikusanya ili asimame. Kisha zikaanza kufifia, siyo kwa kukatika, ila kwa kwenda mbali, jinsi ukuta ule ulivyomsikia mwaka jana akitembea kuelekea mlangoni. Zikawa hafifu. Zikatoka.

Mpira ulikaa kimya. Kabla chombo hakijarudi siku ya kwanza, Faidesi alivuta waya.

"Ametoka, mama."

"Nimesikia," alisema Generosa. "Ahsante." Simu ikakatika.

Faidesi alitoa betri, akafunga mtungi wa gesi, akavaa sweta na koti. Kioo cha mkononi kikauliza. Akabonyeza TUPU. Ukutani, vali iligeuka kwa mlio mdogo, na maji yakaanza kuondoka.

*

Aliteremka kwa miguu, mwendo wa dakika arobaini na tano. Alipofika zahanati, mabomba ya ukutani yalikuwa yameanza kugonga kama yanavyogonga maji ya moto yakiyaingia. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje na khanga zao juu ya makoti. Zebedayo alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Saa kumi kasoro dakika kumi," alimwambia.

Faidesi aliitikia kwa kichwa.

Muuguzi alitoka akikausha mikono. Alikuwa mama wa makamo, macho mekundu kwa kukesha. "Wiki ishirini na nane," alisema, akimjibu mtu ambaye hakuuliza. "Mapafu hayajakomaa. Angeweza kufariki hata kwenye chumba cha joto. Na angeweza kupona. Msinilazimishe kusema lipi, sijui."

Zebedayo alimvuta Faidesi kando, karibu na tangi la maji.

"Kumi na tisa palikuwa na nani?"

"Hapakuwa na mtu. Palikuwa na chombo."

"Ulijua saa ngapi?"

"Saa sita."

Zebedayo aliivaa kofia, akaivua tena. Alikuwa na sura ya Lameki akikasirika, ila hakukasirika. Alimwangalia kama mtu anayejaribu kumkumbuka.

"Usimwambie mtu," alisema mwishowe. "Mimi nitaandika kwamba vali iligoma. Kumwambia Sekela kutamsaidia nini?"

"Sijui."

"Basi usiseme."

Faidesi alitazama moshi wa jikoni kwa watu ukipanda wima, bila upepo. Alitamani atetemeke. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

*

Generosa Kamugisha alifika kesho yake saa saba mchana kwa gari la kukodi kutoka Mbeya. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka hamsini na kitu, amevaa koti la mvua la mjini lisilofaa kwa baridi ile, na viatu vya kutumbukiza. Faidesi alimpokea mlangoni pa kumi na tisa. Ndani mlikuwa na digrii saba, na pumzi zao zote mbili zilionekana.

Generosa aliingia chumbani. Aliangalia sanduku lililokuwa sakafuni, hakuligusa. Alikaa kwenye kiti, akaweka kiganja juu ya mto.

"Ulikaa hapa?"

"Hapa hapa."

"Nilifikiri nitakuta kitu," alisema. "Harufu, au sijui nini. Ni chumba tu." Aliangalia huku na huku. "Nimelala jana usiku, mwanangu. Mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nimekuja kukushukuru, na kuchukua chombo changu nisiendelee kuwasumbua watu."

Faidesi alibaki amesimama. Kwa ule uongo wa vali, Zebedayo alikuwa amemfungulia mlango wa kutoka, na ulikuwa wazi bado. Angeweza kulibeba sanduku hadi kwenye gari, wakaagana.

"Mama, jana sikukwambia kitu," alisema. "Uliniuliza kama baridi ni kali, nikasema ya kawaida. Pale zahanati palikuwa na mtoto amezaliwa alfajiri, miezi saba. Walikuwa wanasubiri joto la nyumba hii. Alifariki saa kumi kasoro dakika kumi."

Generosa hakusogea. Mkono ulibaki juu ya mto.

"Ulijua wakati tunaongea?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungesema nizime."

"Ndiyo," alisema Generosa. "Ningesema." Alisubiri kidogo, kana kwamba anahakikisha kuwa ni kweli. "Nadhani ningesema. Sasa umenichukulia hata hilo, kwa sababu sitajua."

Nje, mvunjiko wa barafu ulisikika juani, matone yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Ungezima saa sita, angepona?"

"Muuguzi hajui. Hakuna anayejua."

"Mama yake yuko wapi?"

"Amerudishwa kwa mama mkwe wake. Kichanga hakiwekewi msiba mrefu, lakini wanawake wamekaa naye."

Generosa aliondoa mkono kwenye mto, akaunyoosha pale ulipobonyea. Alisimama kwa shida, magoti yamekakamaa kwa baridi.

"Nipeleke," alisema.

"Mama, siyo lazima. Hawakujui. Hata shemeji yangu amesema tunyamaze."

"Nilikosa kuwepo mara mbili," alisema Generosa. "Nipeleke."

*

Jiko la mama mkwe lilikuwa limetengwa na nyumba, la matofali ya kuchoma, na wanawake kumi na mmoja walikuwa wameenea kwenye mikeka kuzunguka ukuta wenye bomba. Ukuta ulikuwa wa moto. Tangu jana jioni kijiji kizima kilikuwa na joto la kutosha, na baadhi yao walikuwa wamevua makoti. Wengine walikuwa wakimenya viazi kwenye beseni. Sekela Chaula alikaa katikati yao, ameegemea ukuta, blanketi mabegani, uso wa kijivu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Wageni walisalimia, wakatoa pole, wakapokelewa. Mtu akamsogezea Generosa kigoda kwa sababu ya viatu vyake na koti lake. Hakukikalia. Alisimama mbele ya Sekela, kisha akapiga magoti sakafuni, ili macho yao yalingane.

"Mwanangu, pole," alisema.

"Ahsante, mama," alisema Sekela. Alimtazama bila kuelewa. "Wewe ni nani?"

Visu vilikuwa vikimenya bado.

"Mimi naitwa Generosa. Nilipanga nyumba moja kule juu, nikaweka chombo kinachopumua kama mtu, ili ionekane ina mtu. Kilikuwa kinapumua pumzi za mwanangu aliyefariki. Joto lililokuwa liende zahanati jana, ni mimi niliyekuwa nalo."

Visu vikaacha kumenya.

Faidesi alikuwa amesimama nyuma, mgongo mlangoni. Alijua Generosa hatamtaja. Alijua pia kwamba akinyamaza sasa, atanyamaza hivyo hivyo hadi atakapozikwa, na hakuna kitakachouma.

"Na mimi nilikigundua saa sita mchana," alisema. Sauti yake ilitoka ya kawaida, kama anavyotaja namba za nyumba. "Nilijua kuhusu mtoto. Nikakiacha hadi saa kumi. Shemeji Zebedayo hakujua."

Mama mkwe aliinuka nusu, akakaa tena. Mwanamke mmoja alisema kitu kwa Kikinga kwa sauti ya chini, na mwingine akamjibu kwa kumshika goti. Sekela aliwaangalia wote wawili kwa zamu. Hakulia, wala hakuuliza kwa nini. Alikuwa na uso ambao Faidesi aliujua. Alikuwa akiuona kwenye kioo kila alipoosha uso.

"Alikuwa na miaka mingapi?" Sekela aliuliza. "Huyo wako."

"Ishirini na minne."

Sekela alivuta blanketi mabegani.

"Wangu hakupewa jina," alisema. "Tulikuwa tunasubiri aote joto kwanza."

Mabega ya Generosa yakaanza kutikisika, na ndipo Faidesi, pale mlangoni, alipohisi mikono yake mwenyewe imeanza kutetemeka, ndani ya jiko lenye joto kuliko nyumba zote za Ikumbila.

Sekela hakusema amewasamehe. Hakusema watoke. Alikusanya blanketi lake taratibu, akasogea kwenye mkeka upande wa kushoto, mbali kidogo na ukuta wa moto, ikabaki nafasi. Kisha akasogea tena, ikatosha wawili.